Malameni: mwamba unaohifadhi aibu

Huko Mbaga, katika milima ya Upare Kusini wilayani Same, wageni hupelekwa kuona mapango ya Mghimbi, ambamo watu walijificha miaka ya 1860 wakiwakimbia wateka watumwa. Juu zaidi upo mwamba wa Malameni. Husimuliwa kuwa hapo watoto walitolewa kafara ili kutuliza mizimu, hadi desturi hiyo ilipokomeshwa miaka ya 1930. Pango linatunza ubaya tuliotendewa na wengine. Mwamba unatunza ubaya tuliotenda wenyewe, na kwangu mimi huo ndio ukumbusho wenye uzito zaidi.

Mtu atauliza: mwamba ambao haukuchongwa na yeyote utaitwaje ukumbusho? Kinachoufanya ukumbusho ni masimulizi yanayoandamana nao, si patasi. Tena patasi huweza kupotosha. Katika karne ya 17, juu ya lango la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem, London, ziliwekwa sanamu mbili za mawe zilizochongwa na Caius Gabriel Cibber: mgonjwa mmoja amezama katika huzuni, mwingine amefungwa minyororo. Mpita njia aliuona wazimu katika miili ya wagonjwa; aliyewafunga hakuchongwa.

Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo kwa neno kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini ndiyo hutangulia, mtoto akiwa na umri wa miezi sita hivi, lakini ya juu yakitangulia hakuna ubaya wowote. Hata hivyo, katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, jino dogo kama punje ya mchele lilitosha kumtia mtoto hatiani. Neno limembandika yeye mkosi. Waliomhukumu hawakupewa jina.

Wapo wanaosema heri tunyamaze, tusiwaaibishe Wapare. Sikubali. Hofu ya mizimu na mikosi haikuwa ya Wapare peke yao, wala haijaisha: katika karne hii hii watu wenye ualbino wameuawa Tanzania kwa imani za kishirikina. Ukimya haukuwalinda.

Ndugu zangu mnaowaongoza wageni Mbaga, mkifika Malameni msianze na mizimu. Anzeni na mtoto, mseme wazi kwamba hakuwa na kosa.