Mchanaji Anapopewa Ofisi Chuoni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwaacha vijana wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Bujumbura, wakichana, yaani wakirap, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa ndani ya wimbo mmoja. Leo tupande hadi Mutanga na Kiriri, ziliko kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi, tukaulize jambo ambalo wasomi wetu wakiulizwa hucheka tu: mchanaji ana kazi gani chuoni?

Wengi watasema ni kutumbuiza siku ya mahafali. Anafungiwa spika, anapewa soda na bahasha, na kufikia Jumatatu hakuna anayemkumbuka. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na makala haya yanahusu hilo jembe. Katika vyuo kadhaa vya dunia msanii hukaa muhula mzima au mwaka. Ana chumba cha kazi, analipwa, ana saa za kufundisha na saa za kutunga. Hadaiwi digrii, zinaangaliwa kazi alizokwisha kuzifanya.

Marekani ndiko utaratibu huu ulikokomaa kwa upande wa hip-hop. Mwaka 2007 mtengeneza midundo 9th Wonder aliingia North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi mjini Durham, akawa msanii mkaazi na mwalimu wa historia ya muziki huo. Harvard, ambako mwanaisimu Marcyliena Morgan alikuwa ameanzisha hifadhi ya hip-hop mwaka 2002, ilitangaza mwaka 2013 ufadhili wa watafiti na wasanii wenye jina la Nasir Jones, yaani Nas, mtu aliyeiacha shule akiwa darasa la nane. Mwaka 2022 Lupe Fiasco akaenda MIT, chuo cha wahandisi, kufundisha kuchana.

Kisa kinachofaa kutushughulisha zaidi, hata hivyo, ni cha A.D. Carson, kwa sababu yeye aliligusa jambo ambalo vyuo hulilinda kuliko yote, nalo ni mtihani. Mwaka 2017 alikamilisha shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, kwa tasnifu iliyokuwa albamu ya nyimbo 34. Hakuandika kurasa za kueleza rap ni nini kisha akaambatisha nyimbo nyuma kama mifano. Hoja zenyewe alizijenga kwa mistari na midundo, na jopo likalazimika kusikiliza. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Virginia kikamwajiri kuwa profesa wa hip-hop. Mwaka 2020 shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Michigan likatoa albamu yake nyingine, nayo ikiwa imepitiwa na wasomi kama inavyopitiwa miswada ya vitabu.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Mwaka 1972 mshairi Abdilatif Abdalla alitoka gerezani Kenya, alikofungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? Akavuka kwenda Dar es Salaam, na chuo kikuu kikampokea katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kilichomfungulia mlango ni ulimi wake wa Mvita na tungo alizoziandika kifungoni kwa siri kwenye karatasi za msalani, zile zilizochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kamusi na tafiti za taasisi ile zilipata faida kubwa kwa kuwa na malenga ndani ya nyumba.

Burundi nayo ina historia yake na maneno ya watu wake, na hapo ndipo ninapopataka. Mwaka huohuo wa 1973, Padre Rodegem alichapisha mjini Paris mkusanyo wa fasihi simulizi ya Kirundi, kazi kubwa ambayo hadi leo mtafiti hawezi kuipita. Humo zimo tungo za kujisifu ziitwazo amazina. Jina lililo kwenye jalada ni la padre. Simlaumu, bila yeye mengi yangepotea. Lakini ndivyo elimu yetu ilivyojifunza kumtazama mwenye ulimi: kama chemchemi ya kuchotea maji. Mtafiti anakuja na kinasa sauti, anachota, anaondoka, anapata shahada. Msanii mkaazi anaugeuza mpango huo. Mwenye maneno anaingia chuoni pamoja na maneno yake, na akiulizwa swali anajibu mwenyewe.

Wenye vipaji waliotoka Burundi wamekwisha kutambuliwa na vyuo na walimu, ila mbali na huko. Roland Rugero, mwandishi wa riwaya ya Baho!, alikwenda mwaka 2013 kwenye programu ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, vita vikamkimbiza hadi Ufaransa mwaka 1995, akawa mchanaji. Albamu yake ya mwaka 2013 ilimpa sifa, lakini walimu wengi walianza kumtaja darasani baada ya riwaya yake Petit Pays kupata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka 2016. Mtu ni yuleyule na utoto anaousimulia ni uleule wa mitaa ya Bujumbura.

Sasa, chuo kingenufaika nini? Chukua jambo moja tu. Kirundi ni lugha ya toni, na irabu zake huwa ndefu au fupi, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hizo. Kiswahili hakina toni. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mchanaji wa Buyenzi anayeanza ubeti kwa Kiswahili na kuumalizia kwa Kirundi anapaswa, mdundo ukiwa uleule, kuachana na mkazo na kuanza kuitii toni, la sivyo maneno yake hayaeleweki vizuri. Analifanya hilo bila kulifikiria, usiku, studio ya chumba kimoja. Malenga wetu walitupa shairi la mizani 16 kwa mshororo. Mchanaji huhesabu mapigo, na ndani ya pigo anaweza kubana silabi nyingi au kuliacha karibu tupu. Mwanaisimu anayetaka kujua hesabu hiyo inavyokwenda angefanya vyema kumpa ofisi ya jirani kuliko kumtumia hojaji.

Ipo hofu, na si ya kupuuzwa. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, ikaja amri ya rais: wanawake wasipige ngoma hizo, na vikundi vipate idhini ya wizara. Sanaa ikishatambuliwa rasmi hupata pia wa kuipangia mipaka. Mchanaji anayelipwa na chuo cha serikali anaweza kujikuta akitunga nyimbo za kuhimiza usafi wa mji. Kwa hiyo mkataba utamke wazi kwamba maudhui ni ya msanii, na kwamba atakayempima ni idara, wala si ofisi ya mkuu wa chuo. Pasipo kifungu hicho, heri abaki mtaani.

Kama shauri lingekuwa langu, nisingeufungia mpango huu Mutanga peke yake. Kaskazini mwa Bujumbura kipo Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa mwaka 1991 na mapadre Waksaveri, kikaendelea kukutanisha vijana wa Kihutu na Kitutsi hata vita vilipotenganisha mitaa yao. Mwaka 2002 kilipata tuzo ya Right Livelihood. Msanii afundishe kampasi asubuhi, na alasiri mbili kwa juma awe Kamenge, wanafunzi wake wa chuo wakimfuata huko, wakae benchi moja na vijana wasio na kitambulisho cha chuo. Muhula mmoja unatosha kwa kuanzia, na mwisho wake wanafunzi watoe rekodi pamoja na maandishi ya kueleza kila ubeti ulivyojengwa.

Rekodi hizo zitakuwa mali ya chuo, ya mwalimu au ya vijana waliochana? Juma lijalo tutaiangalia sheria ya hakimiliki.