Mwalimu Mpya, Shule Mpya

Labda umepata kazi ya kufundisha katika shule shikizi hapa Izimbya. Shule shikizi ni shule ndogo inayolelewa na shule mama. Huanzishwa kwa ajili ya watoto wadogo wanaokaa mbali. Hongera. Usiogope kazi hiyo.

Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma. Kiliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri aingie shule. Walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa huko huko vijijini. Walifundisha huku wakisomea ualimu. Watu wengine waliwadharau, wakawaita walimu wa UPE. Lakini wengi wetu ni hao waliotufundisha kushika kalamu.

Wewe nawe usikae darasani ukisubiri watoto. Pita kibanja kwa kibanja pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Andika majina. Uliza pia habari za mtoto asiyesikia, na yule anayechunga mbuzi. Mara nyingi hao hawatajwi mpaka uulize mara ya pili. Ruzuku ya serikali hupangwa kwa idadi ya wanafunzi. Asiyeandikwa hahesabiwi.

Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazina ada wala michango ya lazima. Wazazi wakikubaliana kununua mbao za madawati, ni hiari yao. Fedha hizo usizishike wewe. Zishikwe na kamati, ziandikwe, zisomwe mkutanoni. Na mtoto ambaye baba yake hakuchanga asirudishwe nyumbani. Ukimrudisha siku ya kwanza, huenda usimwone tena.