Dume Akipata Eneo, Ubongo Hubadilika

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwenye maji ya kina kifupi na pale mito inapomwagia maji yake, huishi samaki mdogo ambaye wanasayansi humwita Astatotilapia burtoni. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege. Sijui samaki mwingine aliyetufundisha mengi kiasi hiki kuhusu namna maisha ya pamoja yanavyopenya hadi ndani ya mwili.

Madume wake wako katika hali mbili. Wachache ni watawala: wanang'aa kwa buluu au manjano, wana mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni, wanachimba mashimo mchangani, wanafukuza wapinzani na kuwaita majike. Waliobaki, ambao ndio wengi, wamepauka kama majike, huogelea nao kundini, na korodani zao ni ndogo. Hakuna anayezaliwa na cheo. Mnyonge wa leo huweza kutawala kesho, na mtawala akishindwa hupauka.

Mwaka 2005, Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Russell Fernald walichapisha matokeo ya jaribio moja la kusisimua. Walimtoa dume mtawala kwenye tangi gizani, wakitumia vifaa vya kuonea usiku. Taa zilipowashwa, dume mnyonge alikuta eneo halina mwenyewe. Ndani ya dakika chache rangi zilimjaa, mstari wa jichoni ukajitokeza, naye akaanza kufukuza wenzake. Katika sehemu ya ubongo wake yenye seli zinazotengeneza GnRH, homoni inayoongoza uzazi, jeni iitwayo egr-1 iliamka kwa nguvu. Madume waliokuwa wakitawala tangu awali walikuwa na rangi hizo na ukali huohuo, lakini jeni yao haikuamka kiasi hicho. Maana yake ni kwamba ubongo wa yule mnyonge uliitikia nafasi iliyofunguka.

GnRH huichochea tezi ya pituitari, tezi hiyo humwaga homoni zake kwenye damu, na korodani huanza kutoa testosteroni na 11-ketotestosteroni, homoni ya kiume yenye nguvu hasa kwa samaki. Baada ya takriban wiki moja seli zenyewe za GnRH huwa zimevimba. Za mtawala huweza kufikia mara 8 ya ukubwa wa seli za mnyonge. Akipoteza cheo, seli hizo hunywea, ila polepole zaidi, kwa muda wa wiki 3 hivi.

Je, homoni ndizo zinazompa dume utawala? Watafiti waliwahi kuwahasi watawala, na mwaka 1992 wakaripoti kwamba ukali wao ulipungua lakini cheo hakikuwatoka. Kisha mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Beau Alward lilizima vipokezi viwili vya homoni za kiume, kimoja kimoja. Bila kipokezi cha kwanza, dume alipata rangi na korodani kubwa lakini hakutenda kitawala. Bila cha pili, alitenda kitawala huku amepauka na korodani zake zikiwa ndogo. Kwa hiyo homoni zina kazi kubwa kweli, ila vipokezi ndivyo vilivyogawana kazi hiyo, na mlango wa kwanza hufunguliwa na jamii.

Rui Oliveira wa Ureno na wenzake walipata ushahidi kama huo kwa perege wa Msumbiji. Dume anayetazama tu wenzake wakipigana, homoni zake hupanda. Akipigana na taswira yake kwenye kioo, pambano lisilo na mshindi, hazipandi.

Sehemu kubwa ya utafiti juu ya Astatotilapia imefanyika kwenye matangi ya Marekani, kwa vizazi vya samaki waliotolewa Ziwa Tanganyika miaka ya 1970. Vijana wanaosomea sayansi Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie wanaye samaki huyu mbele ya macho yao, katika maji yake mwenyewe. Vyuo na serikali za nchi zinazolizunguka ziwa hili ziwape vifaa vya kumchunguza hukohuko.