Remorki inapoinua mbele ya motokari

Mbele ya kufunga remorki, pima toka udongo mpaka bati lililo juu ya mupira wa mbele. Funga remorki na mizigo yake, upime tena. Kama mbele kumepanda, mipira inayogeuza njia haishike vizuri. Volani inakuwa nyepesi, freni nayo zaifu. Vile vyuma viwili virefu vya kukaza vinarudisha uzito mbele: kaza mpaka karibu na kipimo cha kwanza, usikipite.

Lakini havitengeneze mizigo iliyopangwa vibaya. Magunia yakijaa nyuma, remorki itayumba na kuvuta motokari. Yaelekee mbele kidogo: remorki ya kilo 1.000 ilemee ndoano kilo 100 ao zaidi kidogo.

Kisha angalia mikono yako! Mbele ya kukaza ao kufungua, inua kwa jaki remorki pamoja na nyuma ya motokari. Chuma kilichokazwa kikiponyoka, kinavunja mufupa.