Kwa Nini Intaneti Hukatika Nyuma ya Mlima

Simu ya mkononi huunganishwa na intaneti kwa mawimbi ya redio. Huyatuma kwenye mnara ulio karibu, nao mnara huzipeleka taarifa mbele, kwa mkongo au kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara, mpaka ziufikie mtandao wa dunia.

Mawimbi hayo husafiri zaidi kwa mstari ulionyooka, wala hayapenyi mlima. Hivyo tambarare ya Makanya na Hedaru huyapokea kwa wepesi kuliko mabonde yaliyo chini ya Shengena, kilele chenye mita 2,462. Aliye bondeni aweza kukosa mtandao, ilhali jirani yake wa juu mgongoni anaupata.

Herufi zilizo juu ya kioo cha simu huonyesha kasi. “E” hutosha ujumbe mfupi wa maandishi, lakini picha huchelewa. “H” ina kasi zaidi, na “4G” huzidi zote mbili.

Hata hivyo, kulipa kwa namba ya malipo kupitia menyu ya nyota na reli hakuhitaji intaneti. Penye mtandao wa kupiga simu, mwananchi hana haja ya kupanda kilimani ili alipe.

Pasipo mtandao kabisa, taarifa ifikishwe kwa Mtendaji wa Kijiji, kitongoji kikitajwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, husaidia ujenzi wa minara mahali ambapo biashara pekee haiyavutii makampuni.