Tuwapimeje watawala wanaoongoza kwa jina la dini?



Katika mji wa Mpanda yupo mama mmoja wa makamo ambaye kwa miaka mingi anaishi kwa dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Siku alipoelezwa kwamba dawa zile zililetwa kwa fedha za mpango ulioanzishwa na Rais George W. Bush wa Marekani, aliinua mikono akamwombea kheri. Mwanawe wa kiume akaghadhibika. "Mama, unamwombea mtu aliyeiunguza Baghdad?" Naye akamjibu: "Mwanangu, bila dawa hizi ungekuwa yatima." Shauri lile lilifika barazani baada ya swala ya Ijumaa, na wazee wenyewe wakagawanyika.

Ukweli ni kwamba mama yule na mwanawe wote wawili walikuwa na hoja, na ajabu ni kuwa hoja zao zinatoka katika hotuba moja. Usiku wa tarehe 28 Januari 2003, Bush alisimama mbele ya Bunge la nchi yake akaomba dola bilioni 15 kwa muda wa miaka mitano za kupambana na Ukimwi, hususan katika Afrika. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Usiku huo huo, kwa ulimi ule ule, alidai kuwa Saddam Hussein alikuwa akitafuta madini ya urani kutoka Afrika. Mwezi Machi Iraki ikavamiwa. Ilipofika Julai, Ikulu ya Marekani yenyewe ilikiri kwamba maneno yale ya urani hayakustahili kuwamo katika hotuba, na mwaka 2004 wakaguzi wa Marekani wakatoa ripoti kuwa ghala za silaha za maangamizi zilizodaiwa hazikuwepo. Wakati huo watoto wa Iraki walikwisha kuzikwa.

Bush hakuficha dini yake. Desemba 1999, katika mdahalo wa wagombea huko Iowa, aliulizwa ni mwanafalsafa gani anayemfuata, akamtaja Yesu, akisema ndiye aliyeubadili moyo wake. Alikuwa zao la vuguvugu lililopata nguvu mwaka 1979, pale mchungaji Jerry Falwell alipounda jumuiya ya kuwakusanya Wakristo wahafidhina katika siasa, wakipinga utoaji mimba na kutetea familia na sala mashuleni. Mwaka uliofuata wengi wao walimpigia kura Ronald Reagan, mtu aliyekwisha kuachana na mke, wakamwacha Jimmy Carter aliyekuwa akifundisha dini kanisani. (Kumbe hata kwao dini ya mtu na siasa ya dini ni vitu viwili.) Tusisahau kwamba mwaka 2000 jumuiya kubwa za Waislamu wa Marekani nazo zilimuunga mkono Bush, kwani katika mambo ya familia na maadili waliona wanafanana naye.

Basi kipimo kiko wapi? Tunacho katika sira. Makureishi walipozidisha mateso Makka, takriban mwaka 615, Mtume (S.A.W) aliwaelekeza wafuasi wake wahamie Uhabeshi. Mfalme Najashi wakati ule alikuwa Mkristo. Mtume (S.A.W) hakuwaambia kwamba mfalme yule anasali vizuri au anafunga sana. Sifa aliyompa ni kuwa katika nchi yake hadhulumiwi mtu. Nayo Sura ya Al-Maida, aya ya 8, inatuamrisha tusiache kuwafanyia insafu hata wale tunaowachukia. Amri hiyo inamfunga kijana wetu asiikane dawa anayomeza mama yake, na inamfunga mama vile vile asiifanye dawa kuwa fidia ya damu ya Iraki. Dhulma haifutwi kwa sadaka iliyotolewa kwingine.

Watu wa Mpanda wana kumbukumbu nyingine. Februari 2008 Bush alikuja Tanzania, siku chache tu baada ya Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda, kuapishwa kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 17, yeye na Rais Kikwete walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698. Sehemu ya fedha hizo ilijenga kwa lami barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga. Mpanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012, na msafiri wa huku anayekwenda Mbeya kwa njia ya Sumbawanga anapita juu ya lami hiyo. Nani atakana kuwa ni kheri?

Lakini wema kwa jirani wa mbali ni mwepesi kuliko kumfungulia mgeni mlango, na hapo ndipo wahafidhina wa Marekani walipohitilafiana vibaya. Tarehe 17 Septemba 2001, siku sita baada ya New York na Washington kushambuliwa, Bush aliingia katika Kituo cha Kiislamu cha Washington akawataka raia wake wasiwadhuru Waislamu. Tarehe 27 Januari 2017, Donald Trump, aliyepigiwa kura na takriban Waprotestanti wanane kati ya kila kumi wa kiinjili weupe, alitia saini amri ya kuwazuia kuingia watu wa nchi saba za Waislamu, Somalia ikiwemo, na kusimamisha kwa muda kupokea wakimbizi.

Sisi wa huku tunajua mkimbizi ni nani. Katumba na Mishamo zilipokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao si Waislamu, na hakuna aliyewauliza dini yao kabla ya kuwagawia shamba. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania.

Mama wa Mpanda aliambiwa na wazee kwamba kumshukuru aliyekutendea wema si dhambi, na kumwombea uongofu ni bora zaidi. Mwanawe akanyamaza. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, Trump aliporudi madarakani, alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ruhusa ya kuendelea kutoa dawa za kuokoa maisha ilitolewa tarehe 28 Januari, miaka 22 kamili tangu hotuba ya Bush. Katika siku zile nane, aliyekwenda kliniki kuuliza kama dawa za mwezi ujao zitakuwepo alikuwa yule kijana.