Mbona Virusi vya Simu Vinapenda Android?

Kuna swali ambalo wateja wetu hutuuliza sana: "Niuze hii Android ninunue iPhone ndio pesa zangu ziwe salama?" Ni swali la haki, maana iPhone si bei ya nyanya. Lakini kabla hujaingia kwa deni, hebu tuangalie vile mwandishi wa virusi hupiga hesabu zake.

Huyu mtu hana chuki na Android. Anafanya biashara, na biashara hufuata watu. Mwaka wa 2004, wakati simu ya maana ilikuwa Nokia ya Symbian, kilitokea kirusi kinachoitwa Cabir kilichoruka kutoka simu moja hadi nyingine kupitia Bluetooth. Simu ilikuuliza kama unataka kupokea faili, ukikubali, umekwisha. Symbian ilipokufa, virusi vyake navyo vikapotea. Nani ataenda kuiba kwa nyumba iliyohamwa?

Leo hapa Kenya simu nyingi za kugusa ni Android, za bei ya chini na za bei ya juu. Ukiandika kirusi kimoja, unafikia watu wengi. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza.

Ya pili ni mlango, na hapa ndipo tunataka ukae nasi kidogo. Android inakuruhusu kuweka programu kutoka nje ya Google Play, kwa mfano faili la APK ulilotumiwa kwenye grupu. Uhuru huo ni mzuri, hata sisi tunaupenda, lakini ndio mlango ambao wakora wanapitia. Chukua hizi WhatsApp zisizo rasmi, zenye rangi za ajabu na uwezo wa kuona ujumbe uliofutwa. Agosti 2021, watafiti wa Kaspersky walikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba Triada, programu hasidi inayoweza kukusajili kwa huduma za kulipia bila wewe kujua. Na ruhusa ya kusoma SMS? Mwenye simu alikuwa ameitoa mwenyewe.

Hesabu ya tatu ni pesa. Namba za uthibitisho huja kwa SMS, kwa hivyo programu inayosoma SMS zako inaziona wakati mmoja na wewe. Mbaya zaidi ni ruhusa inayoitwa Ufikivu. Iliwekwa ili kuwasaidia watu kama wasioona, simu iwasomee kilicho kwenye skrini na kuwabonyezea. Ukimpa mkora ruhusa hiyo, anaona unachoandika na anabonyeza kwa niaba yako. Hakuvunja kufuli, aliomba ufunguo ukampa.

Google ilianza kubana hapo kwenye Android 13, mwaka wa 2022: programu iliyotoka nje haipewi Ufikivu kirahisi. Shida ni kwamba simu nyingi za bei nafuu huacha kupata masasisho mapema.

Sasa, iPhone je? Mwaka wa 2021 watu wengi Ulaya walitumiwa SMS za kifurushi kilichochelewa. Hiyo ilikuwa FluBot. Aliyebonyeza kwa Android aliambiwa aweke programu. Aliyebonyeza kwa iPhone hakuachwa vivi hivi: alipelekwa kwa ukurasa feki. Polisi wa Uholanzi waliuzima mtandao huo 2022. Na usidhani mulika mwizi imepona. APK haiingii, lakini anayepiga akijifanya ni sisi anaipata vizuri tu.

Kwa hivyo usiuze simu. Fungua Mipangilio, tafuta Ufikivu, uone ni programu gani imewashwa hapo. Kisha angalia ruhusa za SMS. Kama hujui programu fulani inafanya nini na SMS zako, iondolee ruhusa.

Na kama tayari umeweka APK unayoishuku, zima data na WiFi kwanza. Azima simu ya mtu unayemwamini utupigie tufunge akaunti kwa muda. Usibadilishe PIN kwa simu hiyo yenye shida, maana huenda kuna mtu anaitazama. Halafu futa programu hiyo. Ikikataa kufutika, hifadhi picha na namba zako, kisha rudisha simu ilivyotoka kiwandani. Ikishakuwa safi, tupigie tena tukufungulie akaunti, uweke PIN mpya.